Mwongozo kamili wa kuandika simulizi ya waliofukuzwa wanaovuka Nyanza kwenda nchi ya miungu

Simulizi yangu ya kwanza ya kifantasia ilikuwa na theluji. Niliiandika Capri Point, hapa Mwanza kando ya Nyanza, yaani Ziwa Victoria, nimekaa juu ya jiwe lililochemka kwa jua la saa nane mchana, na humo ndani mlikuwa na ngome, joka, na mfalme aliyevaa ngozi ya dubu. Jumapili moja nikaenda Kayenze kumsomea mjomba wangu, ambaye amevua dagaa tangu sijazaliwa. Alisikiliza hadi mwisho, akakohoa, akauliza, "Mpwa wangu, hao watu wanakula nini?" Sikuwa na jibu. "Haya. Na hilo joka lako, mwezi ukiwa mpevu linatoka au halitoki?"

Nilirudi mjini nikafuta faili zima. Lakini swali la mwezi liliniganda, na kila nilichokuja kujifunza kuhusu kuandika aina hii ya simulizi kimetoka humo. Naeleza hatua kwa hatua, nikijenga mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiuchukua mfano wenyewe sitakudai.

Hatua ya 1: Mfukuze mtu kabla hujaumba mungu

Wengi huanza na miungu: majina, silaha, nani kamzaa nani. Kurasa ishirini zinapita hakuna aliyefungasha mzigo. Anza na anayefukuzwa, na ulichague kosa lake kwa makini. Liwe kosa ambalo kijiji kinaliamini na msomaji analitilia shaka.

Usukumani sababu haziishi. Zamani ntemi, yaani chifu, alibeba mvua mabegani. Ikigoma mwaka baada ya mwaka, angeweza kuondolewa kwenye kiti. Basi mfano wetu una mtoto wa ntemi aliyeondolewa hivyo, na jina lake ni Mabula. Mbula kwa Kisukuma ni mvua. Kijana anafukuzwa kwa ukame akiwa amebeba jina la mvua, na kila anayemwita anamsuta bila kukusudia. Majina ya kwetu yana kazi ya namna hiyo tayari, usiyapoteze kwa kubuni majina yenye herufi x na z.

Wa pili ni Bibi Milembe. Amefukuzwa kwa macho mekundu. Hapa naomba tusimame kidogo, maana kanda hii ina aibu yake: vikongwe wameuawa kwa kusingiziwa uchawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho yenyewe yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko waliloinamia miaka yote wakitupikia. Ukimwandika bibi wa namna hii kisha ukafichua sura ya kumi kwamba kweli ni mchawi, umewapa wauaji haki. Mpe akili, mpe ulimi mkali, mpe hata chuki. Uchawi usimpe.

Wa tatu ni Malimi, mvuvi. Waliondoka wanne kwenye mtumbwi, akarudi peke yake, na hasemi kilichotokea. Wa nne ni mpiga ngoma wa Bagalu. Wasukuma wanajua mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, kila upande na dawa zake za kuwavuta watazamaji. Huyu wetu anashutumiwa kuuza siri ya dawa kwa wapinzani, na ni kweli aliuza. Muhimu awepo mmoja mwenye hatia, la sivyo kundi zima linakuwa la malaika walioonewa na msomaji anapiga miayo.

Wanne wanatosha. Wakizidi hapo utaanza kuwasahau wewe mwenyewe, na sura ya kumi na tano mtu atazungumza ambaye ulimzamisha sura ya saba. Mimi imenitokea, na msomaji ndiye aliyenikumbusha.

Hatua ya 2: Chagua mwiko mmoja, basi

Hapa ndipo penye kazi. Nchi ya miungu huwa na makatazo, na mwandishi anayeanza huyamwaga kama mchele: usiguse mti, usinywe maji, usigeuke nyuma, usitaje jina. Msomaji hawezi kuyashika, na ukivunja moja hastuki. Chagua moja, lakini liwe linamgusa kila mhusika kwa namna yake.

Namna ya kulipata ni kutazama kazi ambayo watu wa mahali pako wanaifanya kweli. Mimi nilitazama dagaa. Usiku wa giza wavuvi huelea na karabai, siku hizi nyingi zikiwa za betri na sola; mwanga huvuta wadudu na dagaa, samaki wakijaa chini ya taa nyavu zinapandishwa. Ukiwa juu ya mlima usiku huo, ziwa linaonekana kama mji wa pili uliowashwa upande wa pili wa Mwanza. Mwezi ukipevuka taa haina nguvu, kwa sababu mwanga umetapakaa kila mahali na dagaa hawakusanyiki. Wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu, wanagombana na tajiri wa mtumbwi kuhusu mahesabu, wanasubiri giza lirudi.

Sasa geuza: katika nchi ya miungu hairuhusiwi kuwasha moto wala taa, kwa sababu miungu huvutwa na mwanga kama dagaa. Ukiwasha, watakuja. Wakija, hawarudi bila kitu.

Tazama mwiko huo mmoja unavyofanya kazi. Malimi maisha yake yote ni taa, na sasa amekatazwa kitu pekee anachokijua. Bibi Milembe kwa mara ya kwanza tangu utoto anaishi bila moshi, na macho yake yanaanza kuwa meupe. Nchi iliyokatazwa inamponya ugonjwa uliomfukuzisha, na siku ya kurudi ikifika hataki kurudi. Mpiga ngoma hawezi kukaza ngozi ya ngoma bila moto, kwa hiyo ngoma yake inalia kama gunia. Mabula anaogopa giza, jambo ambalo mtoto wa ntemi hawezi kulisema mbele za watu. Sijaongeza sheria yoyote hapo.

Na jibu la mjomba limo: mwezi ukiwa mpevu miungu haitoki. Siku tatu nne kila mwezi mtu anaweza kuwasha moto, akapika, akaota joto, bila kudhurika. Tayari unayo kalenda ya simulizi nzima, na msomaji ataanza kuhesabu usiku pamoja na wahusika.

Kabla ya kuendelea jaribu mwiko wako kwa maswali mawili. Je, mhusika gani hajaguswa nao? Mguse au mwondoe. Je, kuna siku ambayo unalegea? Kama haipo, itafute, maana hapo ndipo watu watakapozembea.

Hatua ya 3: Jibu swali la nani alikataza

"Ni nchi ya miungu, ndiyo maana imekatazwa" ni jibu la mtu mvivu. Visiwa vya ziwa letu vimekatazwa kwa sababu nyingi, na historia yake ina mafunzo kuliko mawazo yangu.

Chukua visiwa vya Ssese upande wa Uganda. Waganda waliliita ziwa Nalubaale, jina lenye mzizi mmoja na balubaale, miungu yao, na hekalu kuu la Mukasa, mungu wa ziwa, lilikuwa kisiwani Bubembe. Watu walikwenda huko kwa hofu na zawadi. Kisha mwanzoni mwa karne ya 20 ukaja ugonjwa wa malale, ukaua watu zaidi ya 200,000 kwenye pwani na visiwa vya kaskazini, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wenyeji kutoka visiwani. Kisiwa kilichoogopwa kwa ajili ya mungu sasa kikaogopwa kwa ajili ya mbung'o, nzi anayeeneza malale. Wazia mjukuu wa aliyehamishwa akisimuliwa. Atajuaje katazo lipi ni lipi?

Au Rubondo, kusini magharibi mwa ziwa. Wavuvi Wazinza walihamishwa ili kisiwa kiwe cha wanyama, na mwaka 1977 kikawa Hifadhi ya Taifa. Kati ya 1966 na 1969 waliachiwa huko sokwe 17 waliotoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya, viumbe waliozoea vizimba, wakashushwa ufukweni na kuambiwa, haya, msitu ndio huo. Walijifunza upya kujenga viota na kutafuta matunda, na wajukuu wao wako mpaka leo. Kama unatafuta picha ya waliorejeshwa kwenye nchi wasiyoikumbuka, huhitaji kubuni.

Saanane ninayo hapa dirishani. Kisiwa kina jina la mzee mvuvi na mkulima aliyeishi pale kabla ya bustani ya wanyama kuanzishwa mwaka 1964; tangu 2013 ni Hifadhi ya Taifa, na ukitaka kukanyaga unalipa kiingilio. Nchi iliyokatazwa yenye dirisha la tiketi. Nimeahidi kuiandika siku moja.

Kwa mfano wetu nimeamua hivi: mababu wa kijiji ndio waliokuwa wakiishi kwenye nchi ile. Walifukuzwa na miungu kwa kuwasha moto, wakaja bara, wakageuza aibu kuwa mwiko. Kwa hiyo hao wanne wamefukuzwa na watoto wa waliofukuzwa. Ukweli huu mpe Bibi Milembe augundue, kwenye theluthi ya mwisho, na aucheke.

Hatua ya 4: Chora njia, pima muda

Chora kwa mkono, daftari la mistari linatosha. Chagua umbali wa kweli hata kama kisiwa ni cha kubuni. Kutoka Mwanza hadi Nansio, Ukerewe, ni takriban kilomita 50 majini. Mtumbwi wa makasia, wapigaji wenye nguvu, maji yakiwa tulivu, uukadirie kilomita 4 au 5 kwa saa. Hiyo ni siku nzima ya mikono kuchubuka, na kati ya hao wanne mmoja ni bibi. Ukiandika "baada ya muda mfupi wakafika", mtu wa Ukerewe atafunga simu.

Kisha upepo. Mchana nchi kavu hupata joto haraka, upepo ukavuma kutoka ziwani kuja bara. Usiku hugeuka, unatoka bara kwenda ziwani, kutoka pande zote, unakutana katikati na kuinuka. Ndiyo sababu radi kubwa za ziwa hili hupiga usiku kuelekea alfajiri, na ziwa hupata mvua nyingi kuliko nchi nyingi zinazolizunguka. Mtu aliyekaa Igombe na shamba lake limekauka anaona umeme ukimulika ziwani usiku kucha. Mvua ipo, inamwagwa kwenye maji! Nilipolielewa hilo nilijua hao wanne wanakwenda kuomba nini.

Uamuzi wa kuondoka sasa una uzito. Wakivuka mchana, wataonekana na kurudishwa, na upepo utawapiga usoni. Wakivuka usiku upepo unawasukuma, lakini unawapeleka penye radi. Usiku wa giza ziwa limejaa taa za wavuvi, mashahidi kila upande. Usiku wa mbalamwezi hakuna shahidi, wala hakuna wa kuwaokoa. Acha wabishane sura nzima. Mabishano ya watu wanaojua wanachokizungumza yananoga kuliko mapanga.

Hatua ya 5: Chakula

Hakuna moto, kwa hiyo hakuna ugali. Wabebe matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa kisha vikaanikwa, maana hutafunwa hivyohivyo. Michembe iliyokaushwa mibichi itawasumbua, inataka kupikwa. Dagaa wakavu, karanga, basi. Hesabu siku. Chakula kiishe siku mbili kabla mwezi haujapevuka.

Hatua ya 6: Miungu iwe na tabia ya mahali

Soma na usikilize kwanza. Kwa Wahaya kuna Mugasha wa ziwa na dhoruba, Irungu wa nyika, Kazoba wa jua. Wajaluo wanasimulia Simbi Nyaima, kijiji kilichozama kwa sababu kikongwe mgeni alinyimwa ukarimu, na Nyamgondho aliyevua mwanamke kwenye wavu, akatajirika, akamtukana, mwanamke akarudi ziwani na ng'ombe wote wakimfuata. Sisi Wasukuma tuna zimwi Shing'weng'we aliyemeza watu na mifugo, na Masala Kulangwa, kijana aliyelipasua tumbo la zimwi hilo. Nenda makumbusho ya Bujora, Kisesa, utumie siku nzima. Mzee akikusimulia habari za Ng'wanamalundi, aliyeelekeza kidole mti ukakauka, usimkatize kwa kumwambia umeshaisikia. Kila mzee ana kipande chake.

Ila usichukue jina la mungu ambaye bado ana watu wake ukamfanya jambazi wa simulizi yako. Chukua mantiki, uache jina. Mantiki ya visa hivi nikiitazama ni moja: wenye maji hawakasirishwi na dhambi kubwakubwa. Wanakasirishwa na ubahili na matusi, mgeni kunyimwa chakula, mke kukumbushwa alikotoka. Miungu yetu ya mfano iwe hivyo. Wanauliza maswali ya mtu aliyekuja kwako jioni: umekula nini, umemwachia nani nyumba, mbona hukubeba kitu?

Umbo lao? Usiwape mabawa. Ziwa hili ni pana, kilomita za mraba zaidi ya 68,000, lakini halina kina: penye kina kirefu zaidi ni kama mita 80, wakati Tanganyika inapita mita 1,400. Tena lilishawahi kukauka kabisa, miaka ipatayo 15,000 iliyopita, likawa mbuga. Kwa hiyo makao ya miungu nayaweka chini ya maji, karibu kabisa na kisiwa wanakofikia wanne wetu, kwenye mbuga ile ya kale yenye njia na mazizi. Wahusika wanaweza kuiona kupitia maji asubuhi ikiwa shwari. Mjumbe wao awe nzohe, swala wa mabwawani anayepatikana Rubondo, ambaye akiogopa hujizamisha akaacha pua tu juu. Mnyama anayesikiliza kila kitu na huoni masikio yake.

Hatua ya 7: Kuhusu kuzama

Utashawishika kupindua mtumbwi ili kuongeza msisimko. Kumbuka nani anakusoma. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikija Mwanza, mamia ya watu wakafa. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya 220. Hapa kwetu hakuna mtaa ambao haukupoteza mtu. Simaanishi usiandike kifo cha majini. Malimi ana siri ya wenzake watatu na lazima aiseme. Lakini aiseme kwa maneno machache, akiwa amegeukia pembeni, na asiwepo wa kumuuliza swali. Mimi nilimpa mistari sita. Ya saba niliifuta mara nne kabla sijakubali kwamba haihitajiki.

Hatua ya 8: Kilele

Umejenga mwiko ili uvunjwe na mtu anayejua gharama. Karabai ya Malimi imefungwa kwenye gunia tangu sura ya pili. Mtaje mara tatu hivi akiigusa. Matobolwa yamekwisha, usiku ni wa giza, miungu haijawahi kujitokeza kuombwa. Malimi anasema, "Bibi, mimi najua kuwaita." Anawasha. Wanakuja kutoka chini, wengi, kimya, wanajaa chini ya mwanga kama alivyozoea kuona. Na Malimi anatambua tatizo ambalo mvuvi yeyote angelitambua: hana wavu, na hata angekuwa nao asingejua aupandishe wapi.

Anayezungumza na miungu awe Bibi Milembe. Anawaomba radhi kwa kuja mikono mitupu, kisha anawagawia kipande cha mwisho cha kiazi alichokificha kwenye khanga. Mvua inatolewa. Bei yake: taa isizimwe, na lazima awepo wa kuishika. Usiamue haraka nani anabaki. Mimi kwenye rasimu ya kwanza nilimwacha Malimi, kwa sababu inaonekana haki. Rasimu ya pili nikamwacha mpiga ngoma, yule mwenye hatia, ambaye hana taa wala jina zuri na hakuna aliyemtegemea. Karabai ikiwaka karibu, ngozi ya ngoma yake inakaza. Wenzake wanapiga kasia gizani wakisikia Bagalu nyuma yao.

Hatua ya 9: Kuandika na kurusha

Maliza simulizi yote kabla hujarusha sehemu ya 1. Narudia kwa sababu kila mtu anadhani yeye ataweza: maliza. Wasomaji wa magrupu ya WhatsApp wanalipa kwa imani, na ukikwama sehemu ya 12 watakutafuta mpaka kwa shemeji yako.

Sehemu moja iwe maneno 800 hadi 1,000, aya fupi, maana inasomwa ndani ya daladala. Mfano wetu unatosha sehemu 30: sita za kufukuzwa na kufungasha, nne za kuvuka, kumi na tano za nchi ya miungu, tano za kurudi. Kurudi usikubane. Kijiji kinapokea mvua, na hao watatu wanakutana na nani njiani? Nani anamwamkia Bibi Milembe "shikamoo" kwanza, na je, anaitikia?

Kata sehemu kwenye uamuzi, usikate kwenye kelele. "Ghafla akasikia sauti…" imechakaa. Kata pale Mabula anaposhika kiberiti na wewe msomaji umeshahesabu kwamba mwezi bado siku mbili.

Soma kila sehemu kwa sauti kwa mtu asiyesoma fantasia. Mimi bado naenda Kayenze, siku za mbalamwezi, mjomba akiwa hana kazi. Mara ya mwisho alinisimamisha sehemu ya 22, akataka kujua karabai ile mafuta yake yalitoka wapi muda wote huo. Nimerudi sehemu ya 3 kuongeza kidumu.